Suruali ya Harusi na Michembe ya Safari

Jumatatu, 8 Julai 2024
Nimetoka kliniki Kitete. Presha, sukari, kitambi, mafuta kwenye damu: vyote vimekutana kwangu kama wageni wa msiba. Tena nakoroma, na pumzi inakatika nikiwa usingizini. Daktari kasema nitembee kila siku, nile mboga, ugali usizidi ngumi. Ngumi ya nani, hakusema. Josepha, mke wangu, alisikia yote. Amehamishia mto wake chumba cha binti yetu aliyeolewa Igunga. Atarudi siku kifungo cha suruali yangu ya harusi kitakapofunga. Miaka ishirini na sita ya ndoa! Kitanda kimekuwa kipana mno.

Jumanne, 9 Julai
Nimeianza njia ya zamani ya misafara, kuelekea Kwihara. Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe hadi Bagamoyo. Damu hiyo ninayo. Chakula cha njiani: michembe, mifuko miwili. Kiazi kikikatwa na kukaushwa juani hupoteza uzito wote. Anayekula chepesi atakuwa mwepesi. Ajabu daktari hakulifikiria.

Nilikaa kidogo kando ya kichuguu. Usingizi ukaja taratibu. Nikauona msafara ukipita ndani ya vumbi la dhahabu, kengele zikilia kwa mbali, hakuna mwenye haraka. Babu akapita na mzigo begani. Akaniuliza mbona wangu nimeubeba tumboni.

Niliamka. Mifuko mitupu. Mbele yangu Awadhi, muuza vitenge jirani yangu, mgonjwa wa kliniki ileile. Amepungua kilo tano, mtu wa kujionyesha! Akasema anakwenda Kwihara na kurudi, mimi je? Nikasema ndiyo kwanza natoka huko. Akauliza mbona viatu vyangu havina vumbi. Maswali mengi hayafai kwa afya.

Jumatano, 10 Julai
Nimesinzia kwenye cherehani. Nimeshona mkono wa shati la mteja pamoja na shati langu. Tumetengana kwa mkasi.

Mizani ya duka la dawa: nimeongezeka kilo mbili. Nimeelewa. Michembe imekunywa maji ndani yangu, imerudi kuwa viazi. Basi mwili umegoma. Suruali haiwezi kugoma. Mimi ni fundi au si fundi?

Alhamisi, 11 Julai
Josepha alikwenda sala ya jumuiya. Nikafumua suruali ubavuni, nikaongeza kipande huku na huku. Kazi safi! Aliporudi, kifungo kikaingia chenyewe. Akapiga kigelegele, akalia, akarudisha mto wake. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Ijumaa, 12 Julai
Josepha kaamka macho mekundu. Hakulala. Anasema kila pumzi yangu inapokatika huwa anahesabu. Mara moja alifika thelathini, akanitikisa. Akasema polepole kwamba kukoroma kwangu hakujawahi kumkera. Anachoogopa ni nikinyamaza.

Nilitaka kuungama. Sikuwahi. Alikuwa ameianika suruali, na juani vipande vyangu vilionekana wazi: suruali imepauka, vipande vyeusi tii. Fundi mzima nimesahau kwamba kitambaa huzeeka! Hakupiga kelele. Akasema ameolewa na mwanamume, hajaolewa na suruali, na kuanzia kesho tutatembea wote.

Jumamosi, 13 Julai
Tumefika Kwihara! Kulikuwa na ukungu mwembamba, miti ya miombo ikitokea mmoja mmoja. Josepha alinishika mkono kama siku zile za uchumba. Awadhi alitupita, akavitazama viatu vyangu: vumbi tupu. Nilimwambia Josepha kwamba nataka kuzeeka naye, na nilimaanisha kila neno. Nimeapa: udanganyifu basi. Michembe nayo basi, isipokuwa ile ya njiani.

Sasa anataka kunipima kiuno mwenyewe kila Ijumaa. Ameniomba futi ya fundi. Ya kazini imechakaa, haimfai mke wangu. Nimekata utepe mweupe, nimechukua kalamu, namchorea mpya. Inchi zake nimezipa nafasi ya kupumua.