Kamongo wa Fungate

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimeoa! Nimeoa Edvina wa Kanazi! Naandika mara mbili ili niamini.

Tumefikia nyumba ya wageni hapa Bukoba, dirisha linatazama ziwa. Asubuhi ameniuliza kama nimelala vizuri. Mtu anajibuje swali tamu namna hiyo? Nikamenya ndizi, nikampa yote.

Tatizo moja tu. Wakati wa uchumba nilimwahidi fungate ya kuzamia baharini, samaki wakipita mbele ya pua yake. Harusi imeimeza bahari yote. Leo, kikombe mkononi, kauliza kwa upole tutazamia lini. Nikasema Alhamisi. Kwa nini Alhamisi? Sijui. Mdomo wangu una haraka kuliko mimi.

Halafu kuna Mugisha. Huyu ni mwanyumba wangu, kamuoa Evelyne, dada yake Edvina. Yeye alimpeleka mkewe Zanzibar, wakapigwa picha chini ya maji na kasa. Mama mkwe kaisafisha picha ile, kaitundika sebuleni karibu na Bikira Maria. Kila nikienda Kanazi kasa ananitazama. Leo Mugisha katuma ujumbe: kasikia fungate yetu ni Bukoba, basi niwasalimie dagaa.

Atajuta.

Jumanne, 9 Julai

Nimepata mtu! Amit, tuliyesoma naye sekondari, mwenye duka la vifaa vya umeme pale mjini. Alijifunza kuzamia na ana mitungi ya hewa, miwani, viatu vya mapezi, kila kitu. Kasema hiyo itakuwa zawadi yake ya harusi. Nikamkumbatia mbele ya wateja.

Ila kanionya. Ziwa letu si bahari, kasema. Maji ni ya kijani kama supu ya mboga. Utaona kiwiko chako, na siku njema utaona cha mwenzako. Samaki wakisikia mapovu wanakimbia.

Nikamwambia samaki niachie mimi. Kaniuliza nina maana gani. Nikatabasamu kama mtu mwenye mpango.

Sikuwa na mpango. Ulikuja baadaye, nikimwangalia Edvina akisuka nywele. Kama samaki hawaji, wataletwa!

Jumatano, 10 Julai

Asubuhi mafunzo kwenye maji ya kifuani. Edvina alizama na kuibuka kama aliyezaliwa humo. Mimi ni mtu wa Buganguzi. Kwetu maji yanakaa kwenye ndoo. Amit alifundisha ishara. Kumbe dole gumba kuelekea juu maana yake ni "nipandisheni". Kila nilipotaka kumwambia mke wangu kwamba ni mzuri, nilivutwa juu kwa kola.

Mchana nikatoroka kwenda mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki. Edvina nilimwambia nafuata kinyozi. Mvuvi mmoja anaitwa Protase akanisikiliza mpango wote bila kucheka, isipokuwa mabega. Nilitaka samaki wa rangi. Kasema wa rangi labda kwenye kitenge. Sato wake wote walikuwa wamekufa. Aliye hai alikuwa mmoja tu, ndani ya pipa: kamongo. Mrefu, mnene, macho madogo, uso wa mzee aliyeamshwa usingizini. Protase kasema huyu hafi ovyo, anapanda kuvuta hewa kama sisi.

Tukakubaliana. Kesho atamfunga kamba kiunoni, atakaa na mtumbwi wake nyuma ya jiwe kubwa karibu na kisiwa cha Musira, na nikitokea na bibi harusi atamshusha taratibu mbele yetu.

Kaniuliza kitu kimoja: bibi harusi ni wa ukoo gani? Nikamjibu kwamba sasa ni wa ukoo wangu! Kasema sivyo anavyouliza. Nikamwambia mapenzi hayana ukoo. Akatikisa kichwa, akaendelea kusokota kamba.

Nikakumbuka kunyoa nikiwa tayari mlangoni. Edvina kanitazama kichwa, kauliza kinyozi alikuwa amefunga? Nikasema alikuwa na msiba.

Alhamisi, 11 Julai

Bado natetemeka! Kwa furaha, nadhani.

Tulishuka mimi, Edvina na Amit mwenye kamera. Kijani kila upande. Nilimshika mke wangu mkono. Yeye alidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi na hofu, nusu kwa nusu. Tukafika kwenye jiwe.

Na kutoka kwenye ule ukungu wa kijani, polepole kama askofu, kamongo akashuka!

Nilimgeukia Edvina nione furaha. Ee Mungu. Alikuwa amepiga magoti. Chini ya ziwa! Magoti mchangani, mikono miwili imekutana, mapovu yakimtoka kwa mpangilio, anamwamkia yule samaki. Kamongo akasogea mpaka usoni pake, akatulia. Amit akapiga picha. Nilidhani nitalia ndani ya miwani.

Kisha Edvina akaiona kamba.

Akaifungua kwa vidole. Kamongo akapotea kwenye kijani. Edvina akaifuata kamba kwenda juu. Nikainua dole gumba, na mara hii nilimaanisha.

Nilipoibuka alikuwa ameshika ukingo wa mtumbwi. Nani, aliuliza, nani kamfunga mkubwa wetu kama mbuzi wa mnada? Kamongo ni muziro, mwiko wa ukoo wao. Hawamli, hawamuui, hawamdhihaki. Wakikutana naye wanamwamkia kama mzee.

Protase akasema, "Mama, nilimuuliza bwana harusi ukoo wako. Akasema mapenzi hayana ukoo."

Nikatazama angani. Hakukuwa na msaada.

Tukapanda mtumbwini. Edvina akanipa mgongo. Nikaiona ndoa yangu inashuka chini na mapezi yake. Kisha akasema wazee wa Kanazi waliutaja muziro siku ya utambulisho, wakaurudia makusudi kwa ajili yangu, nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa wapi?

Sikuwa na uongo wowote karibu. Nikasema ukweli: nilikuwa naangalia shingo yake.

Amit akajifanya anakagua mtungi. Halafu Edvina akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtumbwi ukayumba, mpaka Protase akaomba, "Waitu, mama, tutazama bila vifaa!"

Ila hakuniachia hivyo hivyo. Kanisimamisha niwaombe radhi wakubwa zake. Nikayapigia maji kelele: Kasinge waitu! Nisameheni! Wavuvi wa mtumbwi mwingine wakaitikia kwamba kama ni mimi niliyewaibia ndoo, wamenisamehe, ila niirudishe.

Ijumaa, 12 Julai

Picha! Edvina magotini, kamongo mbele yake, kama mtu na babu yake wakiteta. Kamba haionekani, kidole cha Amit kimeifunika. Mbarikiwa Amit!

Tumeituma Kanazi. Mama mkwe alipiga simu akipiga vigelegele hata kabla ya salamu. Ukoo mzima unasema ndoa imepokelewa. Kasa ameshushwa ukutani! Mugisha kaandika kwenye kundi la ukoo kwamba picha imetengenezwa. Evelyne kamjibu mbele ya wote kwamba kasa wake hata hakumtazama.

Jumapili tumealikwa chakula cha mchana kwa heshima yetu.

Jioni Edvina kanishika mikono. Kasema siri ya kamba isifike Kanazi, na kwamba alijua sina bahari ya kumpa, angeoga nami hata kwenye beseni. Ila nimwahidi kitu: kabla ya kumshangaza mtu yeyote wa kwao, niulize kwanza. Nikaapa kwa rozari. Nikaapa tena bila rozari. Jamani, anapendeza akionya!

Jumamosi, 13 Julai

Nimebadilika. Mume mpya kabisa.

Asubuhi nilitoroka kidogo kwenda sokoni. Huwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu, na zawadi ikiulizwa si zawadi tena. Nimepata samaki mkavu wa moshi, mzuri ajabu! Mrefu mpaka wamemkunja kama mkeka, kafungwa kwa majani ya mgomba, anatosha ukoo wote. Nitamweka mezani mwenyewe, mbele ya wazee, Mugisha akiona.

Mama muuzaji alitaka kuniambia ni samaki gani. Nikamkataza. Na mimi napenda kushangazwa.