Fomu Namba Saba ya Mkondo Mbadala

Ninayo heshima kutangaza kwamba Mpango wa Mkondo Mbadala, ulioanzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari wanaoelemewa na masomo katika madarasa ya kawaida, umetimiza miaka miwili bila mwanafunzi wake hata mmoja kufeli. Hakuna aliyetoroka, hakuna aliyevunja kioo. Mimi ndiye mratibu wake. Sipendi kujisifu, lakini takwimu ni takwimu.

Wapo wenye husuda wanaosema mafanikio haya yametokana na mpango kutokuwa na mwanafunzi. Hilo ni kweli, ila limesemwa kwa nia mbaya. Madarasa matatu tunayo, yamepakwa rangi, na viti bado vimo ndani ya nailoni yake. Walimu wawili tunao; wanafika saa moja na nusu asubuhi, wanasaini daftari la mahudhurio, wanacheza drafti mpaka saa tisa. Kinachowazuia wanafunzi si sisi. Ni Fomu Namba Saba.

Fomu hii ina kurasa kumi na nne, na mwombaji huijaza mwenyewe bila msaada wa mtu. Utaratibu ni rahisi. Anayeijaza kwa usahihi ameonyesha kwamba anaelewa mambo, hivyo hahitaji mkondo mbadala, na tunamrudisha alikotoka. Anayekosea, fomu yake haijakamilika, na fomu isiyokamilika haipokelewi. Kwa njia hii tumehudumia waombaji mia nne na kumi na moja, wala hatujawahi kulalamikiwa kwa upendeleo.

Nilitangaza hayo karibu miezi miwili iliyopita, na Jumatatu iliyofuata akaja fundi cherehani mmoja na binti wa kaka yake. Mwalimu mkuu wa shule ya binti huyo alikuwa amempa mpaka Ijumaa: apate nafasi kwetu, au jina lake lifutwe shuleni kabla ya mtihani wa taifa, ili wastani wa shule usishuke. Ni hekima ya kawaida kwa walimu wakuu.

“Huyu mtoto si mjinga,” shangazi alisema kabla hata hajaketi. “Anasoma polepole, basi. Darasani wako sabini na mbili. Akifika katikati ya ubao, mwalimu keshafuta.”

“Mama, hapa hatutumii neno mjinga,” nilimwambia kwa upole. “Tunasema mwenye kasi mbadala.”

“Mwiteni mnavyotaka. Mpeni kiti.”

“Viti vipo. Aanze na fomu.”

Waombaji wengi humaliza fomu kwa nusu saa. Huyu aliketi kwenye benchi la ukumbini, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akasoma. Kisha akaisogeza rula. Jumanne jioni alikuwa ukurasa wa tano. Katibu muhtasi wangu, mwanamke asiye na subira na watu wazima, alimhamishia dirishani penye mwanga bila kuniomba ruhusa.

Jumatano mchana binti alisimama mbele ya meza yangu.

“Shikamoo, mzee. Samahani, ni ukurasa wa tisa.”

“Marahaba. Una nini?”

“Unauliza kama nina pembe.”

Nikauchukua, nikausoma. Ulikuwa unauliza hivyo kweli. Nimetumikia umma miaka ishirini na miwili, na najua mtumishi hashtuki mbele ya mwananchi.

“Serikali haiulizi swali bila sababu,” nilisema. “Kama huna, andika huna.”

“Nimeandika sina. Swali linalofuata linataka kujua zilikatwa lini, na kwa kifaa gani.”

“Andika halinihusu.”

“Na ukurasa wa kumi unauliza nimezaa mara ngapi, na natoa lita ngapi kwa siku.”

Shangazi alikuwa amemletea chakula. Akaweka kikapu chini. “Lita za nini?”

Niliusawazisha muhuri wangu juu ya meza.

“Nakuuliza wewe, bwana mkubwa. Mtoto wa miaka kumi na sita, mnataka lita za nini kwake?”

Nilimwahidi kulifuatilia suala hilo kupitia ngazi husika, nikaenda kufungua jalada. Ilionekana kwamba kamati ya watu tisa, nami nikiwamo, ilipobanwa na tarehe ya uzinduzi, iliazima fomu ya kuandikisha ng'ombe kutoka Idara ya Mifugo, ghorofa ya chini. Kurasa nane za kwanza tulizibadilisha. Kisha ikawa saa ya chakula. Chini ya kila ukurasa, hadi wa kumi na nne, palikuwa na sahihi zetu tisa na maneno: Nimesoma na kuridhika.

Alhamisi saa nane binti alirudisha fomu. Kurasa nane za kwanza hazikuwa na kosa. Kuanzia wa tisa hadi mwisho alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa taratibu: Maswali haya ni ya ng'ombe. Mimi ni mwanafunzi.

Kamati iliitwa kwa dharura. Mkurugenzi alisoma jibu lile kwa sauti, akavua miwani.

“Ni sahihi?” aliuliza.

“Ni sahihi, mkuu,” alisema naibu wake. “Hapo ndipo penye tatizo.”

Tukafuata utaratibu. Nikaandika kwamba mwombaji ameonyesha uelewa uliozidi mahitaji ya mpango, nikagonga muhuri.

Shangazi hakupiga kelele. Alimpa binti ile karatasi amsomee, akasubiri neno kwa neno mpaka mwisho.

“Kesho wanamfuta,” alisema. “Mnajua?”

“Tunasikitika pamoja nanyi, mama.”

“Nyie hamsikitiki. Nyie mnasaini.”

Hapo katibu muhtasi, kinyume cha kanuni zote za utumishi, alimnong'oneza kwamba Mkaguzi Mkuu wa Elimu yumo humu humu jengoni, ghorofa ya pili, anakagua mitungi ya kuzimia moto. Mkaguzi huyo ni mama mfupi mwenye sauti ndogo. Alizisoma kurasa zote kumi na nne akiwa amesimama ngazini, shangazi upande huu na binti upande ule. Kisha akatuita sote tisa kwenye darasa jipya, akatuambia tubandue nailoni wenyewe, tukae kila mtu na dawati lake. Akagawa Fomu Namba Saba.

“Nusu saa,” alisema. “Bila msaada.”

Katika sehemu ya pembe, Mkurugenzi aliandika: Mchakato unaendelea. Naibu, kwenye lita, aliandika: Kutegemea bajeti. Mkuu wa utumishi alithibitisha kwamba amechanjwa mara mbili dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mimi nilijaza pembe mbili, maana siku zote nimeamini serikali hupenda tarakimu. Hakuna hata mmoja aliyeandika neno ng'ombe. Tulilikumbuka, lakini lilikuwa jibu la mwombaji, na kunakili ni kosa.

Mkaguzi alizikusanya, akazipitia.

“Kwenu anayekosea hurudishwa,” alisema. “Kuanzia leo anayekosea anapewa darasa. Ndiyo maana yalijengwa.”

Aliandika maagizo palepale juu ya dawati. Binti amepokelewa, na yeye mwenyewe apeleke barua kwa mwalimu mkuu wake kabla shule haijafungwa. Wale mia nne na kumi na moja waitwe, waje waseme shida zao kwa mdomo. Na wajumbe wa kamati waliofanya jaribio leo wahudhurie masomo kila asubuhi, hadi walimu waridhike.

Shangazi alisomewa na binti agizo lile juu ya bega la Mkaguzi. “Na hapo chini usaini,” alimwambia Mkaguzi. “Lakini soma kwanza.” Mkaguzi akasoma, kisha akasaini.

Sasa ni wiki ya sita. Madarasa yamejaa, drafti imefungiwa kabatini. Sisi tumepewa safu ya nyuma. Binti yule anakaa ya mbele na juzi alimaliza sura nzima ya kitabu cha historia. Mwalimu hafuti ubao mpaka wote wamemaliza, na mara nyingi anayesubiriwa ni Mkurugenzi.

Wiki iliyopita Mkurugenzi alipewa zoezi la ufahamu. Hakujibu maswali, aliweka sahihi chini ya ukurasa na kulirudisha. Mwalimu akampa barua ya kumwita mzazi. Jumatatu akaja na mama yake, bibi wa miaka themanini aliyevaa viatu vya kutokea. Mkurugenzi, ambaye ana miaka hamsini na saba, alisimama kando yake na mikono nyuma.

“Mama,” mwalimu alisema, “mwanao anasaini kazi bila kuisoma.”

Bibi alimtazama mwanawe, kisha mwalimu.

“Alikuwa akiweka sahihi yangu kwenye ripoti za shule, hata kuzifungua hazifungui,” alisema. “Nilidhani akikua ataacha.”

“Alipokua walimpa ofisi, mama.”

“Nilisikia,” bibi alisema. “Nikashangaa.”

Mimi zoezi langu nililisaini pia. Wazazi wangu walishatangulia, na mwongozo unasema asiye na mzazi aje na mke. Zamu yangu ni Alhamisi. Bado sijamwambia.