Siku Nane Ambazo Miungu Hawapo Ofisini

Alhamisi, 25 Januari

Miungu wameondoka leo. Wote elfu kumi na nane. Wamepanda mbinguni kubadilishiwa vituo vya kazi, kama kila mwaka. Wapya wataripoti tarehe mbili. Hadi hapo kisiwa hakina msimamizi, ndiyo maana kila mtu anahama nyumba au kufumua choo wiki hii. Unagusa usichoruhusiwa kugusa, na hakuna mungu wa kukuvimbisha mguu.

Wenzangu wanawaza vyoo. Mimi nawaza pango.

Lile lililo chini ya madhabahu ya wanawake wapiga mbizi, wanaovua pweza chini ya bahari. Mungu wake hapendi wanaume. Wa mwisho kuingia alivimba tumbo miezi mitatu. Mpango wangu: nijenge ngazi sasa, mungu mpya akabidhiwe ofisi, akute ngazi, adhani ilikuwepo tangu zamani. Mfanyakazi mpya haulizi kiti kimefikaje.

Tarehe mosi mkutano wa kijiji utachagua mtu wa kuwatembeza wageni katika nyumba zetu za nyasi na mapango ya pwani. Tuko wawili: mimi Bu Deokman, na jirani yangu Hyeon Gilho, mwenye mashua na meno mazuri. Mwenye pango jipya atashinda. Nikishindwa, mama mkwe, naye mpiga mbizi, kashatamka: nitafungasha machenza bandani kwake, chini ya macho yake, milele. Neno "milele" ni lake.

Ijumaa, 26 Januari

Hakuna lori. Hakuna toroli. Seremala kanijibu kichwa kikiwa ndani ya choo cha mtu: ana vyoo kumi na kimoja kabla yangu. Nikamwambia langu ni jambo la kihistoria. Akasema, "Kaka, ungekiona hiki."

Mbao hakuna. Nimeng'oa mlango wa ghala la mama mkwe. Mlango ukilazwa ni daraja, ukisimamishwa ni ngazi, kwa mtu mwenye akili. Mke wangu Sunok kauliza naupeleka wapi. Nikasema unaenda kupunga upepo. Akasema, "Baba Yeonju, rudi kabla supu ya mwani haijapoa."

Jumapili, 28 Januari

Upepo wa leo haukuwa na adabu. Nilikuwa nimebeba mlango mgongoni. Kufika kwenye kona ya ukuta wa mawe, mlango ndio ulionibeba mimi. Tumetua katika shamba la figili la Hyeon.

Katoka ameshika mbao sita na nyundo. Nikauliza za nini. Za choo, akasema, haraka sana. Naye akauliza mlango wa nini. Nikasema wa choo. Tukatakiana heri ya vyoo.

Nimemhurumia njia nzima. Mtu mwenye meno mazuri vile, na choo cha kuhitaji mbao sita.

Jumanne, 30 Januari

Mazoezi. Nimewakamata wageni wawili, mume na mke kutoka bara, nikawatembeza kijijini. Nikawaeleza kwamba mapaa tumeyafunga kwa kamba ili nyumba zisitoroke usiku. Wakaandika. Nikaona nimeanza vizuri, nikaendelea: zile fito tatu zinazolazwa langoni zinahesabu wake wa mwenye nyumba.

Kumbe mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta akianika pweza. Katoka. Kasema fito zote tatu zikilazwa, maana yake pamefungwa, mwenye nyumba kaenda mbali, na kwamba usiku huota zimelazwa kwenye mdomo wangu. Wageni wakacheka mpaka wakanunua pweza wanne. Hata ahsante sikupata.

Jumatano, 31 Januari

Siku yenyewe. Saa nne asubuhi, maji yamekupwa, nikaingia pangoni na mlango wangu. Giza, baridi, jiwe jeusi pande zote. Na nyundo. Ko, ko, ko.

Hyeon. Ameshapigilia ngazi nusu.

Kusema kweli niliumia. Miaka yote miungu wanahamishwa, nikidhani ni mimi peke yangu niliyeuona mwanya huo. Nikamwambia hana haya, kuingia mahali patakatifu. Akasema yeye kaingia kwa adabu, bila mlango. Tukagombana ni nani aliyenajisi kwanza. Tuligombana vizuri mno. Tulipotazama chini, maji yalikuwa magotini. Bamvua, maji hujaa upesi. Tulisahau kwamba bahari haijahamishwa.

Mdomo wa pango ulizibika. Tukapanda juu ya mlango, nao ukaelea kwa shida. Niliogopa, naandika hapa kwa kuwa hasomi mtu. Nilimfikiria Sunok na supu yake. Nilimshika Hyeon mkono. Yeye ndiye aliyeanza.

Kisha boya la rangi ya chungwa likaibuka, na nyuma yake mama mkwe, miaka sabini na minne, kisu kiunoni. Wapiga mbizi walikuwa kazini nje, wamesikia wanaume wakilia. Katufunga kamba ya boya, katuvuta mmoja mmoja chini ya jiwe. Nchi kavu akauliza swali moja: mlango wa nani ule? Hyeon kaninyooshea kidole kabla hajakohoa maji.

Nikasema, "Mama, mungu yuko likizo."

"Mungu yuko likizo, mkwe wangu. Mimi je?"

Alhamisi, 1 Februari

Mkutano. Mimi na Hyeon tumepiga chafya kwa zamu. Mama mkwe kasimama, kasema wanawake wameingia pango lile miaka sitini bila ngazi, na wageni watatembezwa na wapiga mbizi. Wanaokubali? Mikono yote juu. Hata mkono wangu, maana mama mkwe alikuwa ananitazama. Hyeon kapewa kazi ya kuwaendeshea mashua. Mimi, machenza.

Ijumaa, 2 Februari

Miungu wapya wameripoti. Alfajiri mama mkwe kanipeleka madhabahuni kuomba radhi. Nikainama. Mafua yakanitoa machozi, mengi. Akadhani ni majuto. Akalainika, nami sijawahi kumwona amelainika. Kanipangusa pua kwa kitambaa chake mwenyewe, kasema leo nisije bandani, nikapumzike, nile tambi za nguruwe.

Nimelala hadi saa saba. Kumbe toba ni kitu kizuri hivi. Nimeamua kutubu kila Jumatatu, siku ya kupakia machenza kwenye malori.

Shida ni moja: toba inataka kosa, na la pango nimeshalitumia. Mashua ya Hyeon inalala pale gatini bila kufuli. Kesho nitaanza nayo.