Malalamiko Dhidi ya Mwezi wa Julai

Winnipeg, Jumatatu, tarehe 14 Julai

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, Bi. Ghislaine Painchaud, kwa Mkuu wa Uzalishaji, Bwana Orest Hnatiuk, kwa Mzee Delbert Spence, fundi wetu wa bunduki ya plazma, ile inayoyeyusha unga na kuupuliza, na kwenu nyote wajumbe wa kikao cha ubora:

Kwa heshima zote, mimi niliyekabidhiwa chumba cha vipimo naomba barua hii isomwe kabla ya saa kumi jioni, ambapo natakiwa kutia saini cheti cha shehena ya thelathini na moja. Ni mapanga mia tatu ya injini za ndege, yaliyopuliziwa unga wa kauri uwe ngozi yake ili chuma kisiyeyuke, nayo yanaondoka Jumatano. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nalalamikia meza yangu. Visahani vinane vya majaribio, vilivyopuliziwa pamoja na mapanga hayo, vilimaliza mizunguko mia sita Ijumaa: saa nzima tanurini, dakika kumi mbele ya feni, kisha tanurini tena. Vyote vilitoka vizima, nikaviacha mezani nikaenda nyumbani. Leo asubuhi vitano vimevua ngozi, nazo zimelala kando yake kama maganda ya yai. Fomu yetu inauliza kama kisahani kimetoka tanurini kikiwa kizima. Haiulizi kilivyoamka Jumatatu. Bwana Hnatiuk, kwa busara yake, ameshatoa hukumu: “Kikibanduka Jumatatu, Marlys, kosa ni la Jumatatu.” Naomba basi meza hiyo iondolewe kazini, kwa kuwa tanuri halijawahi kutuletea fedheha ya namna hii.

2. Nalalamikia maji. Mzee Delbert alichovya kidole kwenye glasi, akadondosha tone juu ya kisahani cha sita, kimoja cha vile vitatu vilivyokuwa bado vizima. Ngozi iliruka kama bisi.

“Umekimwagia maji, sasa unakilaumu?” akauliza Bwana Hnatiuk.

“Tone moja tu, bosi. Kwenye wingu yamo matone mangapi?”

“Wewe kazi yako kupuliza, siyo kuhesabu mawingu.”

“Haya. Nimepuliza unga mlionipa.”

Naunga mkono uongozi. Fundi mwenye miaka ishirini na sita kazini alipaswa kujua kwamba kidole kilicholowa si kifaa kilichoidhinishwa.

3. Nalalamikia, kwa uchungu zaidi, mwezi wa Julai. Unga huu mpya tuliupitisha Januari, hewa ya mji huu ikiwa kavu hata midomo inapasuka. Visahani vya wakati ule vilikaa mezani wiki tatu bila kudondosha hata chembe, tukapigiana makofi. Hakuna aliyetuonya kwamba kiangazi kingefuata. Sasa unyevu unaingia kwenye nyufa zile ndogo zilizoachwa na moto, na kazi ambayo tanuri limeshindwa, hewa inaimaliza kimyakimya.

Kwa hiyo, waheshimiwa, napendekeza tuwaandikie wateja kwa lugha ya upole. Ndege zenye mapanga yetu ziruke Januari pekee. Zikwepe mawingu, ukungu na maziwa, jambo ambalo katika jimbo letu la Manitoba lenye maziwa laki moja litahitaji rubani makini. Na kwa kuwa ngozi yetu haibanduki ikiwa motoni, bali hungoja ipoe, dawa ni moja: injini isizimwe. Ndege ikishapaa, isitue. Abiria watakaouliza watafika lini waelezwe kwamba mizunguko mia sita ilikamilika salama, na cheti kipo.

Naomba kikao kipitishe mapendekezo haya leo, kwa kunyoosha mikono, na majina yaandikwe.

Nisalimieni familia zenu, hasa walio na safari za likizo.

Wenu katika utii,
Marlys Reimer
Mkuu wa Chumba cha Vipimo

N.B. Sijasaini. Shehena nimeibandika kadi nyekundu saa mbili asubuhi, na kwa kanuni tulizozitunga wenyewe, kadi hiyo huondolewa kwa saini za wajumbe wote wa kikao hiki, kila mmoja kwa jina lake kamili. Cheti kiko katikati ya meza, pamoja na kalamu. Aliye tayari kuipeleka shehena angani na aanze kusaini. Kama hakuna, mwandishi wa kikao aandike kwamba mapanga yote mia tatu yanarudi kukwanguliwa ngozi.