Hotuba Niliyoandika Bila Kuinua Kalamu

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe. Na aliyenivua ni kalamu yangu mwenyewe.

Mnanijua. Shule niliachia darasa la tano, na leo nina ploti za kukodisha Kabiria na nyumba Mountain View. (Wenye digrii ndio wapangaji wangu.) Lakini leo wakwe walikuwa wanatoka Woodley kuja kumposa msichana wangu Wanjiru, na ukoo mzima ni walimu. Walimu, jameni!

Hotuba nayo hakuna. Akili tupu! Wanjiru akanifunza ujanja wa waandishi: "Baba, andika dakika kumi bila kuinua kalamu. Usifute, usirudi nyuma kusoma. Ukikosa neno, andika tu umekosa. Halafu niletee tuchague yaliyo mazuri."

Nikajaza kurasa tatu. Mbio! Kuchagua? Mimi nikimwaga zege sichagui kokoto. Nikakunja, nikatia mfukoni.

Wakwe wakafika, tukawaketisha hemani uani. Hata chai haijamiminwa, baba ya kijana, mwalimu mkuu mstaafu, akaniuliza kwa upole, "Mzee, wewe ulisomea wapi?"

Nikakohoa. Nikakohoa mpaka mkewe akanipiga mgongo. Swali likapita. (Kichwa hiki si cha kufugia nywele.)

Sasa hotuba. Kwetu siku kama hii baba ya msichana hajisemei, husemewa. Nikampa karatasi msemaji wetu, Mzee Kamau, mzee wa kanisa. Huyo husoma kila kitu kama matangazo ya Jumapili. Akavaa miwani.

"Wakwe wetu, karibuni. Sijui niandike nini. Sijui niandike nini. Kiatu kinanifinya."

Watu wakatazamana. Nikamvuta koti. "Mzee, ruka hapo!"

"Maneno ya baba hayarukwi," akanijibu, na sauti akaipandisha:

"Hawa watu ni walimu. Wasijue niliishia darasa la tano. Wakiniuliza nilisomea wapi, nitakohoa."

Wueh! Nikajua posa imekufa na mimi ndiye niliyeiua. Wanjiru kafunika uso kwa leso.

Mama ya kijana ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kilemba kikamwanguka, na hema zima likamfuata. Mwalimu mkuu akajifuta machozi, akasema, "Mkwe, insha nzuri sana. Ila haina aya."

Ameniita mkwe! Posa imepita. Heshima yangu ndiyo iliyobaki pale hemani.

Wapangaji wangu, najua mko humu grupuni mnasoma. Msicheke. Koki kubwa ya maji nafunga mimi.