Fuwele kwa Sharubu la Paka

Jumatatu, 9 Machi
Dokta Otilia kaniita ofisini. Kasema kwa upole, na upole wake ndio unaotisha: Ijumaa bila fuwele, mkataba wangu hauongezwi. Miezi minane nakibembeleza kipande cha kingamwili kinachokamata sumu ya nge. Kikigeuka fuwele, tutakipiga eksirei tuone umbo lake. Hakigeuki! Matone yangu ya kingamwili yako safi kama maji, ila moja lina uchafu uchafu. Na Nayeli, jirani yangu wa meza, mwenye kipande kilekile, leo tone lake linametameta fuwele. Kanionyesha mwenyewe. Nikampongeza.

Jumanne, 10 Machi
Nimepata njia! Kwenye kazi yetu kila mtu anaijua: unapitisha sharubu la paka kwenye tone lenye fuwele, kisha kwenye tone tupu, na vipunje vilivyonasa, ndizo mbegu, vinaotesha fuwele mpya. Mbegu nitaiba kwa Nayeli. Sharubu, kwa Pozole, paka wa mlinzi. Nimemkimbiza mara tatu kuzunguka maegesho. Kanikwaruza pua. Mlinzi akauliza namtakia nini paka wake, nikasema nampenda. Kumbe sharubu moja lilikuwa limedondoka kwenye mkeka wake. Afadhali! Nayeli kaniuliza pua imepatwa na nini. Nikasema kunyoa.

Jumatano, 11 Machi
Mchana Nayeli kaenda kununua tlacoyo, mkate wa mahindi. Nikaweka sahani zetu mbili za matone chini ya hadubini. Nikalijaribu sharubu kwanza kwenye lile tone langu chafu, halina hasara. Halafu nikapitisha sharubu kwenye lake, taratibu, mstari mmoja. Kabla sijarudi kwangu, viatu mlangoni! Kasahau pochi. Nikafunika kila kitu, nikajifanya hamnazo. Hakushtuka. Nilishusha pumzi mpaka kioo kikapata ukungu. Ila matone yangu hayajaonja mbegu hata moja.

Alhamisi, 12 Machi
Nayeli kazichoma fuwele zake kwa sindano. Fuwele za kweli huwa laini kama jibini. Zake zimelia ka! Chumvi tupu. Nimefurahi, Mungu anisamehe. Nusura niibe chumvi! Kisha akainama tena kwenye hadubini, akaniita nitazame. Pembeni ya chumvi kuna fuwele ndogo, laini, zimejipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mstari wangu. Nimekwisha.

Ijumaa, 13 Machi
Dokta kautazama mstari, kisha pua yangu. Akauliza ni mkono wa nani. Nikasema yote, hadi paka. Nikangoja kufukuzwa. Akaomba sahani yangu, akalichungulia lile tone chafu muda mrefu. Kumbe uchafu ule ni fuwele ndogo mno. Mbegu zilitoka kwangu kwenda kwake.
Dokta akasema: “Wewe Fidencio, mali unayo wiki nzima, halafu unakwenda kuiba kwa mwenzio?”
Nayeli kacheka mpaka kakaa sakafuni. Mkataba umeongezwa mwaka mzima! Yeye atazipeleka fuwele Brazil zikapigwe eksirei. Mimi, kwa adhabu, mwaka huo wote nitasafisha masanduku ya nge tunaowafuga. Sawa, hata miaka miwili. Nimekula cecina, nyama yetu ya kukausha, huku machozi yananitoka kwa furaha.

Jumamosi, 14 Machi
Nimelala kama mtoto. Asubuhi nimelitafakari kosa langu kwa kina. Kosa ni kutofunga mlango. Nayeli ana sahani mpya, na anaikinga kwa mkono nikipita. Lazima ina kitu. Nimempelekea Pozole cecina iliyobaki. Nimeokota masharubu mawili. Jumatatu Nayeli atakwenda tena kununua tlacoyo.