Vidonge vya Mifupa na Wapita Njia wa Ruhembe

Nyumbani kwa Bibi Costancia,
Njia ya Mashine ya Kusaga,
Ruhembe, Kilosa.
Jumamosi, saa nane mchana.

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kituo chetu cha Afya.

YAH: VIDONGE VYA BIBI KULIWA NA WATU WASIO NA KADI

Daktari, shikamoo.

Mimi ni yule msichana wa sketi ya bluu aliyesimama kwenye dirisha la dawa Jumanne, akiangalia kandambili zake. Nesi Bryson aliniuliza swali nami sikujibu. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu, na nyuma yangu kulikuwa na watu kumi na wanne. Nimeona niliandike.

Swali lenyewe lilikuwa hili: "Binti, kopo la vidonge sitini, la mwezi mzima, limeishaje kwa siku tisa? Bibi anatumia dawa, au wewe unatafuna pipi?" Watu wakacheka. Akanipa vingine thelathini, kisha akaandika kitu kwenye kadi ya Bibi kwa kalamu nyekundu. Nilisoma nikiwa njiani. Kimeandikwa: "Mjukuu aangaliwe."

Daktari, nimemaliza kidato cha nne na nataka kuomba chuo cha uuguzi. Fomu inadai barua ya utambulisho kutoka kituo cha afya cha karibu, na cha karibu ni chako. Utaandikaje kwamba mimi ni mwaminifu wakati kadi yako inasema niangaliwe? Kwa hiyo naeleza kila kitu, nikianza na lililo kubwa: sijawahi kutafuna hata kimoja. Waliotafuna ni wengine, na sababu zake ni hizi.

1. Maelekezo. Bibi alipoteleza bombani akavunjika mkono, mlimfunga hogo, halafu ukampa vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Ulimwambia atafune kimoja asubuhi na kimoja jioni, asichanganye viwili kwa mara moja, na atumie pamoja na chakula. Bibi alikusikia vizuri sana. Lakini chakula cha nyumbani kwetu huliwa barazani, na anayepita hukaribishwa kwa kila kilichopo kwenye mkeka. Kopo lipo kwenye mkeka. Bibi ana miaka sabini na moja na hajawahi kutafuna kitu huku mtu anamtazama. Hawezi kuanza uchoyo leo kwa ajili ya mkono mmoja.

2. Jua. Ulimwambia pia aote jua kidogo asubuhi. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiko na migomba, kwa hiyo jua la asubuhi linapatikana mbele tu, kando ya njia ya kwenda mashineni. Yaani kituo kimemtoa Bibi ndani, kikamkalisha njiani akiwa na uji na kopo, halafu kinashangaa kwamba watu wamesogea.

3. Ladha. Vidonge hivi vina ladha ya chungwa. Sijui aliyeamua hivyo alikuwa na nia gani. Dawa ya malaria tumekuwa nayo ndani miaka yote na hakuna mgeni aliyewahi kuiulizia. Lakini hivi, siku ya nne tu, wakata miwa watatu walipita kwetu ingawa shamba lao liko upande mwingine kabisa, na mmoja akaita kutoka mbali, "Bibi, lile chungwa la daktari bado lipo?" Lilikuwepo.

4. Maziwa. Nkoile, anayetuletea maziwa kutoka bomani kwao, alilisoma kopo akacheka. "Bibi, kalsiamu si ndiyo hii ninayokubebea kwenye chupa kila siku?" Bibi akamjibu, "Basi kula na wewe, mwanangu, umechoka kunibebea." Akala. Nilitegemea msaada kutoka upande ule.

5. Editha. Huyu nilisoma naye, sasa ni mjamzito na anatumia vidonge vya kuongeza damu. Bibi alimpa cha kwake palepale alipokuwa akimeza cha damu. Nilikuwa nimeshasoma karatasi ya ndani ya boksi mara tatu. Inasema kalsiamu na dawa ya damu zisimezwe wakati mmoja, zipishane angalau saa mbili, na mwenye dawa nyingine yoyote amuulize kwanza mhudumu wa afya. Nilimnong'oneza, akaelewa. Kwa Editha naweza kuongea.

6. Mzee Urbanus. Hapa ndipo nilipoharibikiwa. Mzee Urbanus ni jirani yetu, ana miaka themanini, na mwaka jana alilazwa kwa mawe kwenye figo. Karatasi inasema mtu wa namna hiyo asivitumie mpaka daktari aseme. Alhamisi jioni alikaribishwa, akachukua kimoja kwa adabu zote, mkono ukawa unaelekea mdomoni. Sikuwa na nafasi ya kuona aibu. Nilimpokonya.

Mzee Urbanus aliutazama mkono wake mtupu, akasema, "Costancia, mjukuu wako amenipokonya tonge." Tangu hapo Bibi haongei nami. Akitaka kitu anamwambia kuku: "Kuku, mwambie aliyeko jikoni maji yameisha." Nayachota maji, lakini inauma.

Kwa hiyo kituoni mimi ni mwizi, nyumbani mimi ni mchoyo, na Bibi, ambaye mfupa ni wake, alipata kumi na saba tu katika vile sitini. Sasa hivi kopo la pili lina kumi na sita. Nimevihesabu.

Ninaomba yafuatayo:

(a) Kila mwezi Bibi aongezewe vidonge mia mbili, kama fungu la wageni.

(b) Hilo likishindikana, mtume mhudumu akae barazani kwetu saa za kula, awaulize wageni kuhusu figo zao, mimba zao na dawa wanazotumia kabla hawajanawa mikono. Kigoda kipo. Naye atakaribishwa, hakuna namna, kwa hiyo naomba aje na kopo lake.

(c) Na hilo likishindikana, mtafute vidonge vyenye ladha ya mwarobaini.

(d) Yale maneno mekundu yafutwe.

Wasalimie wote hapo kituoni, pamoja na mama anayepiga deki, ambaye peke yake hakucheka. Wale watu kumi na wanne nao wasalimie wakirudi. Nesi Bryson msalimie pia, ila kwa mbali.

Ni mimi, ninayeangaliwa,
Letisia.

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, Bibi alimuuliza kuku mimi naandika nini. Nikaona nimsomee. Alicheka mpaka akaushika ule mkono. Kisha akaniambia mimi mwenyewe, siyo kuku: "Sasa wewe, si ungesema tu? Tonge la kwanza nitalila jikoni na kidonge changu, halafu nitoke nikale na watu. Na Urbanus nitamwambia ulimwokoa." Nilikuwa sijamwambia. Nilidhani ni lazima nianze kwako. Kwa hiyo maombi (a), (b) na (c) nayaondoa.

Halafu akasema, "Lete mkono, tupatane," akaniwekea kimoja. Daktari, ni bibi yangu, na alikuwa hajaongea nami siku mbili. Nimekitafuna. Pale juu nilipoandika "hata kimoja", tafadhali soma "ila kimoja". Nimehesabu vilivyobaki: kumi na tano. Ladha ni ya chungwa kwelikweli. Nimehesabu tena ili nikuandikie kwa uhakika: kumi na vinne.

Ombi (d) nalo liache kwanza.